Wamchania Mtoto Daftari, Nawe Umetundika Simba?

Ndugu Msomaji,

Leo nataka nikuchukue mpaka Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro, kisha nikurudishe nyumbani kwako, nikusimamishe sebuleni, na nikuombe uutazame ukuta wako.

Nilikwenda Moshi kwa hitima ya jamaa yetu. Nikafikia katika nyumba ya watu wa swala, watu wa heshima, ambao babu zao walitoka Pangani wakapanda bara kwa biashara, wakaoa huko, wakabaki. Sebuleni palitundikwa picha ya Al-Kaaba, na kando yake, kubwa kuliko hiyo Al-Kaaba mara mbili, picha ya simba dume ameachama kinywa, na nyuma yake mlima na theluji yake. Picha hiyo ilichorwa na mgeni, ikapigwa chapa ng'ambo, ikanunuliwa dukani kwa fedha, ikatiwa kioo.

Baada ya Isha, wageni tumekaa twanywa kahawa, mwenye nyumba akamwita mwanawe, kijana wa miaka 12. Mwalimu wake wa chuoni alikuwa amemshitaki kuwa anachora wakati wa kusoma. Akaambiwa alete daftari, akalileta. Lilipita mikononi mwetu kabla ya kumfikia baba yake, nami nikaliona. Mlikuwa na Kibo asubuhi, Kibo jioni, Kibo imejifunika mawingu. Mlikuwa na migomba, na mfereji wa maji unaoteremka kutoka mlimani, na mnara wa msikiti wao. Katika kurasa zote hizo chenye roho kilikuwa kimoja tu, tembo mmoja, tena mdogo, pembeni. Baba akalichana daftari zima, si ukurasa wa tembo peke yake, akasema: "Kuchora ni haramu." Kijana hakulia. Aliinama akaviokota vile vipande kimoja kimoja, kwa adabu, akatoka. Na yule simba akatutazama sote kutoka ukutani.

Nilinyamaza usiku ule kwa kuwa nilikuwa mgeni. Kunyamaza kwangu ndiko kunakoniandikisha leo, kwani nyumba ile si moja. Nimeziona nyumba kama hiyo Tanga, Mombasa na Unguja, na huenda, ndugu msomaji, yako ikawa mojawapo.

SHERIA IMESEMA NINI

Kwanza tusidanganyane. Hadithi za Mtume wetu (s.a.w.) zinazokemea kufanya sura za vyenye roho zipo, na ni sahihi, zimo katika Bukhari na Muslim. Wanavyuoni wa madhhab yetu ya Shafii, na Imam Nawawi akiwa mbele yao, wamelishika jambo hili kwa nguvu. Wako wengine, hasa katika Wamaliki, waliokuwa wepesi kidogo katika picha isiyo na kivuli. Hiyo ni khitilafu ya wakubwa, wala mimi si mtu wa kuhukumu baina yao katika kurasa hizi. Mwenye kutaka fatwa na aende kwa sheikh wake.

Lakini lile ambalo wanavyuoni karibu wote wamekubaliana ndilo sisi tulilolisahau: kwamba mti, mlima, mto, bahari, nyumba na kila kisicho na roho, kukichora si haramu. Imepokewa kutoka kwa Mujahid kwamba yeye hakupenda uchorwe mti wenye matunda, lakini wenziwe hawakumfuata. Basi hata tungeshika kauli yake, lililokuwa na neno katika daftari la yule kijana, ukimwondoa tembo, ni ile migomba tu! Kibo ina kosa gani? Mfereji una kosa gani? Mnara wa msikiti?

Sikiliza kisa cha Ibn Abbas (r.a.). Alimjia mtu ambaye kazi yake ni kuchora, ndiyo inayomlisha, akamwomba ampe fatwa. Ibn Abbas hakumfukuza, wala hakumwaibisha mbele za watu. Katika mapokezi ya Imam Muslim alimwambia asogee karibu, kisha asogee tena, mpaka akauweka mkono wake juu ya kichwa cha mtu yule. Ndipo akamweleza lile alilolisikia kwa Mtume (s.a.w.), bila ya kulipunguza. Kisha akamwonyesha njia: ikiwa huna budi kufanya kazi hii, basi chora miti na visivyo na roho.

Tazama mpango wa jambo lenyewe. Kwanza alimkaribisha na kumwekea mkono kichwani, kisha akamwambia kweli, na mwisho akamfungulia mlango. Sisi tumeishika ile kweli peke yake, tena nusu yake, tukaitupa huruma iliyoitangulia na mlango ulioifuata. Huko siko kuitetea sheria. Huko ni kuikata mkono na mguu kisha kudai kwamba umeibeba.

Wala si hilo tu. Bibi Aisha (r.a.) alitundika pazia lenye sura, Mtume (s.a.w.) akachukia, naye akalikata akafanya mito ya kuegemea. Basi jambo la sura katika nyumba ya Mtume (s.a.w.) lilianzia ukutani, katika kilichotundikwa kikatukuzwa. Nasi twaanzia kwa mtoto na penseli yake, na ukuta twauacha. Ikiwa twataka kufuata Sunna, simba ndiye wa kushuka kwanza.

MILIMA NA WANAVYUONI

Katika Surat Fatir Mwenyezi Mungu anaitaja milima na rangi zake, mistari myeupe na myekundu na meusi ya kukoza. Kisha anataja kuwa watu na wanyama nao wana rangi mbalimbali, na papo hapo anasema kwamba wanaomcha katika waja wake ni wale wenye elimu. Sisi twaitumia sehemu ya mwisho kila siku katika kuwasifu mashekhe wetu, wala hatujiulizi kwa nini imeletwa mahali pale, baada ya rangi za milima.

Anayetaka kuifahamu na asimame Moshi alfajiri mawingu yakiwa hayapo. Kibo iko nyeupe kileleni. Mawenzi iko kando, nyeusi na yenye wekundu, imechongoka kama jino. Chini yake msitu, na chini ya msitu migomba na kahawa. Mtoto anayekaa akaitazama milima hiyo mpaka akajua weupe wa asubuhi si weupe wa jioni, huyo anafanya jambo ambalo Qurani imetuita tulifanye. Na Surat al-Ghashiya nayo yatuuliza kama hatuitazami milima jinsi ilivyosimamishwa. Wengi wetu jibu letu la kweli ni kwamba hatuitazami. Twapita na basi tumelala.

Wazee wetu hawakuwa hivyo. Msikiti mkubwa wa Damascus, uliojengwa na Khalifa al-Walid baina ya mwaka 705 na 715, ulipambwa kuta zake kwa vijiwe vya rangi na dhahabu: miti mikubwa, mito, majumba na madaraja, wala hamna mtu wala mnyama hata mmoja. Waliujua mpaka wakasimama hapo, na ndani ya mpaka wakafanya kazi ambayo hadi leo watu husafiri kuiona. Na hapa kwetu, aliyechonga milango ya Unguja na kuta za vidaka za Lamu hakukaa akilia kuwa amekatazwa. Alitia maua, minyororo na mawimbi, akaandika jina la Mola wake juu, na kazi yake ikawa sura ya mji. Mpaka wa sheria haukumfanya mtu wa pwani kuwa masikini wa mkono. Umasikini huu ni wetu wa sasa.

MLIMA ULIOCHORWA NA WENGINE

Huenda ukasema: yote haya kwa ajili ya daftari la mtoto? Naam. Nami nitakuonyesha lililo nyuma yake.

Mwaka 1848 mmishenari Johannes Rebmann aliuona mlima huu, akaandika Ulaya kuwa kuna theluji karibu na mstari wa Ikweta, na wataalamu wa London wakamkatalia. Aliyemwongoza njia ni mtu wa pwani, Bwana Kheri. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni. Kambini juu, baridi ikikata mifupa, aliyebaki nao akilinda hema na kupika alikuwa Mwini Amani wa Pangani. Meyer mwenyewe amemtaja, na jina lake na mji wake vyatwambia ni mtu wa kwetu. Mwaka 1898 Meyer akarudi, na safari hii alikuja na mchoraji, Ernst Platz. Platz akauchora mlima, na hata leo kuna kijilima katika uwanda wa Shira kinachoitwa kwa jina lake. Mchoraji alikuja safari moja akapewa kilima. Mwini Amani aliyevumilia baridi ile amepewa nini? Jina lake limebaki ndani ya kitabu cha mtu mwingine, kwa hisani ya mtu mwingine.

Na simba wale wa ukutani, wao pia wana ukoo wao. Mkubwa wa wachoraji wa namna ile alikuwa Mjerumani, Wilhelm Kuhnert, aliyezaliwa 1865 na kufa 1926. Kwao wakimwita kwa jina la simba, kwa wingi wa simba aliowachora. Alikuja nchi hii mara ya kwanza 1891, akarudi 1905 na 1911. Alikuwa mwindaji, akimpiga mnyama risasi kisha akimchora. Mkono wake ulikuwa hodari, hilo halina ubishi, na michoro yake ikaingia katika vitabu vya wanyama, katika picha za kufundishia shuleni, hata katika karatasi za chokoleti. Vizazi vya Ulaya viliijua Afrika kwa macho yake. Na katika picha hizo kuna nini? Nyika, jua, mnyama. Watu hawaonekani, kana kwamba nchi haina mwenyewe. Alipomchora mwenye nchi kwa wingi, alimchora vitani: ameacha picha ya pigano la Mahenge la mwaka 1905, Maji Maji, watu wetu wakianguka mbele ya boma la Mjerumani.

Nchi inayochorwa tupu, siku moja huambiwa kuwa ni tupu. Mwaka 1959 Wamasai walitolewa Serengeti. Mwaka 1988 wafugaji wakatolewa Mkomazi, huko huko upande wa Kilimanjaro na Tanga. Usinifahamu vibaya. Kuwahifadhi wanyama na misitu ni jambo jema, na Mtume wetu (s.a.w.) aliiharimisha Madina, miti yake isikatwe na mawindo yake yasiguswe. Lakini wakazi wa Madina hawakuambiwa wahame ili mandhari ipendeze. Ninalosema ni kwamba picha si pambo tu. Picha ni ushahidi, na mwenye kushuhudia peke yake hushinda kesi.

MTU WA MACHAME

Yuko mmoja aliyetoa ushahidi mwingine. Sam Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923, katika miteremko ile ile anayoichora yule kijana wetu. Akaenda Makerere, akasomeshwa na Margaret Trowell aliyeianzisha skuli ya sanaa pale, kisha akawa yeye ndiye anayesomesha. Akapelekwa London, akasoma chuo cha Slade kuanzia 1952 hadi 1955. Nchi ilipopata uhuru akapewa kuwa Balozi wetu huko huko London, na aliporudi akashika kazi ya utamaduni serikalini na kusomesha Dar es Salaam, mpaka alipofariki 1993.

Jitazamie jambo moja katika maisha ya mtu huyu. Alikaa katika mji mkuu wa waliotutawala, akafundishwa na walimu wao, akawa balozi mbele ya wakubwa wao. Na alipokamata brashi alirudi Machame. Alichora watu wakilima, wakivuna, wakijenga, wakichunga, na mlima umesimama nyuma yao. Katika picha zake mlima una wenyewe.

Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, na picha hiyo ikanunuliwa na jumba kubwa la sanaa la New York. Najua msomaji umekunja uso. Pombe! Tena watu, wenye roho! Ndiyo, nami sikuleti kwake uige alichokichora. Ntiro alikuwa Mkristo wa Kichaga, akashuhudia arusi ya kwao kama alivyoikuta. Hakudanganya. Ninalokuuliza ni hili: wewe uliyeikunjia uso pombe ya ndizi, arusi yako isiyo na pombe ameichora nani? Machame nako kuna Waislamu. Mtaa wa Waswahili wa Moshi, njia ya msikitini alfajiri migomba ikidondosha umande, mlima ukionekana juu ya paa la msikiti siku ya Idi, viko wapi? Vilikuwa katika daftari moja, na daftari hilo lilichanwa usiku ule nikitazama.

Na mlima wenyewe haungoji. Barafu yake ilipopimwa mwaka 1912 ilienea kiasi cha kilomita 12 za mraba. Kufika mwaka 2000 hazikubaki hata 3. Kibo anayoichora mtoto wa leo si ile aliyoiona Mwini Amani, na wajukuu wetu huenda wasiione hata hii.

HUENDA UKASEMA

Huenda ukasema: nikimfungulia mlango wa mlima, kesho ataingia tembo, kesho kutwa sanamu, na ni wajibu kuziba njia ya haramu. Jibu letu: kanuni hiyo Ibn Abbas aliijua kabla yako na yangu, na juu ya hivyo akamwachia mchoraji miti. Wewe si mchamngu kumzidi yeye. Tena mtoto aliyekatazwa kila kitu hajifunzi kupambanua. Anajifunza kujificha tu. Ungeutoa ukurasa wa tembo, ukamweleza kwa nini, ukamrudishia daftari, angejua mpaka uko wapi. Sasa anajua tu kwamba baba yake ana nguvu za mikono.

Huenda ukasema: na vijana waliojipanga njiani Moshi na Arusha, wanaowachorea watalii tembo na twiga, tuwaambie nini? Kazi hiyo ina chimbuko. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza Dar es Salaam karibu na mwaka 1968 kuchora wanyama juu ya mbao kwa rangi ya baiskeli. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi, waliodhani ni mhalifu. Namna yake imelisha nyumba nyingi tangu hapo, na wengi wa waliomo ni Waislamu. Waambie kweli, lakini waambie kama Ibn Abbas alivyosema, mkono uko kichwani. Na kabla hujafungua kinywa jiulize: umewahi kununua kwake picha ya mlima? Ya jahazi? Ya msikiti? Anachora tembo kwa kuwa mnunuzi wake ni mtalii, na mtalii ndiye mnunuzi kwa kuwa wewe hukuja. Fedha yako uliipeleka dukani, ukanunua simba wa mgeni, kisha ukarudi kumhutubia Muislamu mwenzio juu ya riziki yake.

Na wewe kijana msomi unayesoma haya ukicheka, ukisema zama hizo zimepita na picha ni picha tu, nina neno nawe pia. Ikiwa picha ni picha tu, basi yote niliyokusimulia hayana maana. Dini yetu iliitia sura katika mizani kwa kuwa ilijua sura ina nguvu: hutukuzwa, huaminiwa, hushika nafasi ya kitu chenyewe. Waliotuchora nchi tupu wamethibitisha hilo. Mpaka haukuwekwa kwa ujinga.

LA KUFANYA

Basi, mzazi mwenzangu, sikuamrishi makubwa. Inuka leo uutazame ukuta wako. Kilichotundikwa kwa kuwa kimetoka ng'ambo, kishushe. Muulize mwanao anachora nini, na umsikilize kabla ya kunyoosha mkono. Mwonyeshe mpaka wa sheria kwa upole, kisha mwonyeshe jinsi uwanja ulivyo mpana ndani ya mpaka huo: mlima wote, bahari yote, miti yote, hati za Kiarabu, nakshi za milango ya babu zake. Mnunulie daftari jipya. Na akichora mnara wa msikiti wenu vizuri, utie kioo, uutundike pale alipokuwa simba.

Kwa yule ndugu yangu wa Moshi, ambaye bila shaka atayasoma haya na kujijua: nilikula chakula chako na sikukusudia kukuvunjia heshima, ndiyo maana sikukutaja. Lakini mwanao aliviokota vile vipande, wala hakuvitupa. Nilimwona. Huenda bado anavyo. Vitafute pamoja naye kabla hajakua, maana akishakua atakuwa amekwisha kuamini kwamba dini ndiyo iliyovichana.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuzitazama ishara Zake, na mikono isiyowadhulumu watoto wetu. Wabillahi tawfiq.